Homoni ya ukuaji haipo, mbona mtoto anarefuka?

SWALI: Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka 9. Akiwa na miaka 7 aliondolewa uvimbe kichwani unaoitwa kraniofaringioma. Tangu hapo anatumia haidrokotisoni, thairoksini na dawa ya kuzuia mkojo mwingi. Miezi michache baada ya upasuaji walimpima homoni ya ukuaji, majibu yakaja kwamba ni kama haipo. Kiwango cha juu kabisa kilikuwa 0.3. Nikaambiwa nijiandae, mtoto atakuwa mfupi. Lakini siku ya upasuaji alikuwa na sentimita 114 na leo ana 127. Kabla hajagundulika suruali moja aliivaa miaka miwili, sasa miezi sita haifiki inambana. Uzito nao umetoka kilo 21 hadi 38. Kipimo kingine cha damu, IGF-1, wamesema ni cha kawaida. Wifi yangu anasema kipimo cha kwanza kilikosewa, mtoto amepona, tumpunguzie madawa. Je, mtoto anaweza kukua bila homoni ya ukuaji? Aanze zile sindano au tuache? Na mdogo wake wa kike, ana miaka 4, naye apimwe?

JIBU: Mama, nianze na la wifi yako, kwa kuwa hilo haliwezi kungoja. Msipunguze dawa, hata nusu kidonge. Kurefuka kwa mtoto hakusemi lolote kuhusu kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa. Haidrokotisoni anayomeza inachukua nafasi ya kotisoli ambayo tezi zake za juu ya figo haziitengenezi, kwa sababu amri ya kuitengeneza haitoki tena kwenye ubongo. Mtoto wa namna hii akiachishwa dawa, halafu akapata homa au kuhara, sukari yake inaweza kushuka, shinikizo la damu likaporomoka, na akafariki ndani ya saa chache. Siku za homa dozi haipunguzwi, huongezwa, mara nyingi hadi mara mbili au tatu ya ile ya kawaida, na akitapika dawa anahitaji haidrokotisoni ya sindano bila kuchelewa. Kama hamjapewa maelekezo hayo kwa maandishi, yaombeni katika miadi ijayo kabla hamjauliza chochote kuhusu urefu.

Sasa swali lenyewe. Kipimo hakikukosewa, na mwanao anakua kweli. Yote mawili ni sahihi kwa wakati mmoja, na si kioja kama kinavyoonekana. Sisi tunaotibu homoni za watoto tunawajua watoto wa aina hii, na wameandikwa katika majarida ya kitabibu tangu miaka ya 1960.

Nieleze kwanza kwa nini naliamini jibu la 0.3. Homoni ya ukuaji haimiminiki kwenye damu muda wote. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huitoa kwa vipindi, hasa usiku mtoto akiwa katika usingizi mzito, na kati ya vipindi hivyo hata mtoto mzima kabisa anaweza kuonekana kama hana. Ndiyo maana sampuli moja ya damu iliyochukuliwa ovyo haina maana, na ndiyo maana mwanao alikaa pale saa kadhaa akichomwa: alipewa dawa ya kuichokoza tezi, kama glukagoni, klonidini au arjinini, kisha damu ikachukuliwa mara kadhaa kuona tezi imejibu kwa kiasi gani. Vituo vingi huridhika ikifika nanogramu 7 au 10 kwa mililita. Kipimo hiki kina udhaifu wake, sitaki kukificha. Mtoto mnene sana hujibu kidogo hata kama tezi yake ni nzima, na wapo watoto wasio na tatizo wanaofeli kwa mara ya kwanza na kufaulu wakirudia. Lakini mwanao alipimwa kabla hajanenepa, na 0.3 si kufeli kwa karibu. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji palepale tezi ilipo, ambaye tayari amepoteza homoni nyingine tatu, ningeamini hana homoni ya ukuaji hata kabla ya kuona karatasi ya maabara.

Basi anakua kwa nini?

Tumezoea kudhani kwamba urefu wa mtoto unaletwa na homoni hiyo moja, na kwamba isipokuwepo mtoto anasimama alipo. Haiko hivyo hata kidogo. Mtoto tumboni hukua kwa kasi ambayo hataifikia tena maishani, na homoni yake ya ukuaji haihusiki sana. Watoto wanaozaliwa bila uwezo wa kuitengeneza huwa na urefu unaokaribia wa wenzao. Mkunga hawezi kuwatambua kwa kuwapima. Ukitaka kuona kinachosukuma ukuaji wa tumboni, mtazame mtoto anayezaliwa bila kongosho. Huyo huzaliwa mdogo mno, kwa kuwa hana insulini. Na mtoto wa mama mwenye kisukari kisichodhibitiwa huzaliwa mkubwa kupita kiasi, kwa kuwa sukari ya mama ilivuka kondo la nyuma na kulifanya kongosho la mtoto litoe insulini nyingi. Insulini tunaijua kama homoni ya sukari, lakini kwa kijusi ni homoni ya kukua. Shika hilo, mama, tutalirudia kwa mwanao.

Pamoja na insulini kuna IGF-1 na IGF-2. Ni protini zinazofanana kiumbo na insulini, na ndizo zinazozifanya seli za gegedu kwenye ncha za mifupa zigawanyike na kujipanga. Mwaka 1996 alielezwa mvulana ambaye jeni yake ya IGF-1 ilikuwa imepotea sehemu: alizaliwa mdogo sana na baada ya kuzaliwa akaendelea kubaki nyuma. Kwa hiyo IGF-1 ni lazima tangu tumboni. Tofauti ni kwamba tumboni inaamrishwa na lishe na insulini, wakati kwa mtoto mkubwa inaamrishwa zaidi na homoni ya ukuaji.

Uhusiano wa homoni ya ukuaji na IGF-1 ulianza kueleweka mwaka 1957, watafiti Salmon na Daughaday walipoonyesha kwamba homoni yenyewe ikiwekwa kwenye gegedu la panya ndani ya maabara haifanyi kazi inayotarajiwa, na kwamba kuna kitu kingine ndani ya damu kinachoifanya kazi hiyo kwa niaba yake. Kitu hicho ndicho tunachokiita leo IGF-1, na sehemu kubwa ya ile inayozunguka kwenye damu hutengenezwa na ini. Baadaye, mwaka 1966, daktari Zvi Laron na wenzake walieleza watoto wafupi sana ambao damu yao imejaa homoni ya ukuaji. Ilikuja kujulikana kuwa kipokezi cha homoni hiyo ndicho kibovu. Homoni inabisha hodi, ini halifungui, IGF-1 haitengenezwi. Wanaozaliwa na hali hiyo hawasaidiwi na sindano za homoni ya ukuaji, husaidiwa na IGF-1 yenyewe.

Baada ya kuzaliwa mtoto huongeza sentimita 25 hivi katika mwaka wa kwanza, 10 hadi 12 mwaka wa pili, kisha kasi hushuka hadi sentimita 5 au 6 kwa mwaka na kubaki hapo mpaka balehe. Homoni ya ukuaji huchukua usukani polepole ndani ya ule mwaka wa kwanza. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa bila hiyo huonekana sawa mwanzoni, halafu mstari wake kwenye chati ya ukuaji unaanza kuinama. Mara nyingi dalili nyingine hutangulia urefu: sukari kushuka siku za mwanzo, umanjano unaochelewa kuondoka, na kwa wavulana uume mdogo sana. Asipotibiwa, anakwenda sentimita 3 kwa mwaka, pengine kidogo zaidi.

Lakini hizo 3 hazitoki hewani. Huko Itabaianinha, katika jimbo la Sergipe nchini Brazil, kuna ukoo mkubwa unaorithishana hitilafu kwenye kipokezi kinachoiagiza pituitari itoe homoni ya ukuaji. Hitilafu hiyo ilielezwa mwaka 1999. Wenye hali hiyo ambao hawakutibiwa huwa watu wazima wenye viungo vilivyowiana, akili timamu na maisha ya urefu wa kawaida, ila wengi hawafiki sentimita 140. Sasa piga hesabu. Mtu aliyezaliwa na sentimita 50 akafika 120 ameongeza 70, akiwa karibu hana homoni ya ukuaji maishani mwake mwote. Mtu wa kawaida wa sentimita 170 ameongeza 120. Maana yake zaidi ya nusu ya safari inaweza kwenda bila homoni hiyo. Kinachokosekana ni ile sehemu iliyobaki, nayo ndiyo inayoonekana kwa macho.

Mwanao, hata hivyo, haendi sentimita 3. Anakwenda zaidi ya 6, kasi ya mtoto asiye na tatizo. Hapo ndipo uzito unapoingia.

Kraniofaringioma huota jirani na haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayopima njaa, shibe na matumizi ya nguvu. Uvimbe wenyewe, au mkono wa daktari anayeuondoa, unaweza kuijeruhi. Ikijeruhiwa, ubongo hausikii tena leptini, ile homoni ya mafuta inayotoa taarifa kwamba akiba ya mwili inatosha. Mtoto anasikia njaa isiyoisha, mwili unapunguza matumizi ya nguvu, na neva inayoshuka hadi kwenye kongosho inalisukuma litoe insulini kupita mahitaji. Kilo 17 kwa miaka miwili hazikuja kwa sababu mwanao ni mlafi wala kwa sababu wewe umeshindwa kumlea. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu najua mzazi katika hali yako huwa ameshaambiwa maneno mengi.

Insulini hiyo nyingi inafanya kazi tatu kuhusu urefu. Inalifanya ini litoe IGF-1 kwa urahisi zaidi. Damu ya kongosho hupita kwenye ini kwanza kabla ya kusambaa mwilini, kwa hiyo ini ndilo linalopata dozi nzito. Inapunguza mojawapo ya protini zinazoikamata IGF-1 kwenye damu, na hivyo kiasi kidogo kilichopo kinakuwa huru kufanya kazi. Na ikiwa nyingi vya kutosha inaweza, ingawa kwa nguvu ndogo, kushika vipokezi vya IGF-1 yenyewe kwenye gegedu za ukuaji. Kuna pia leptini: katika majaribio ya panya imeonekana kuchochea gegedu hizo moja kwa moja. Prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, nayo imeshukiwa kwa miaka mingi, kwa kuwa baadhi ya watoto hawa wanayo ya juu, lakini mimi sijawahi kushawishika sana na maelezo hayo. Wapo wengi wanaokua vizuri na prolaktini yao ni ya kawaida.

Ushahidi unaonivutia zaidi uko kwa watoto wanene wasio na uvimbe wowote. Ukiwapima, homoni yao ya ukuaji iko chini. Ukiwasimamisha na wenzao wa rika moja, mara nyingi wao ndio warefu. Mwili wenye insulini nyingi umepata njia ya kujirefusha bila kuitegemea sana pituitari, na kwa mwanao njia hiyo ndiyo iliyobaki. Watoto waliofanyiwa upasuaji kama wake lakini hawakunenepa, kwa kawaida hukua taratibu kama tulivyotarajia.

Ndiyo maana pia IGF-1 yake imekuja ya kawaida. Kwa watoto hawa inaweza kuwa chini, katikati au hata juu. Ikiwa chini inaunga mkono upungufu. Ikiwa ya kawaida, kwa mtoto mwenye historia hii, haiufuti. Kama kuna mtu atakuambia pituitari imefufuka kwa kutazama IGF-1 peke yake, muulize insulini yake imepimwa lini.

Kuna jambo moja ambalo daktari wenu lazima alihakikishe, na nataka ulielewe nawe: unene wa mtoto huyu unaweza pia kutokana na haidrokotisoni iliyozidi. Hiyo tunaitofautisha kwa urefu. Kotisoli ikizidi, mtoto hunenepa na hasogei, mfupa hukataa. Mtoto anayenenepa huku anarefuka vizuri anaelekeza kidole kwa insulini. Kwa maelezo yako mwanao yuko kundi la pili, na hilo linanipa nafuu kidogo. Hata hivyo dozi ihesabiwe upya kadiri mwili unavyobadilika. Kwa watoto wasiotoa kotisoli kwa sababu ya pituitari huwa takribani miligramu 8 hadi 10 kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mwili, na kwa vipimo ulivyonipa mwili wake ni kama mita za mraba 1.16. Hesabu hiyo aifanye daktari wenu, si ninyi nyumbani.

Je, kasi hii itadumu? Siwezi kukuahidi. Kwa wengi huwa kali mwaka wa kwanza na wa pili baada ya upasuaji, wakati uzito unapanda kwa kasi, kisha hupungua. Wachache huendelea hivyo hadi utu uzima na kufikia urefu wa kawaida bila sindano hata moja. Tutajua kwa kumpima tu: bila viatu, visigino na mgongo vimegusa ukuta, ikiwezekana saa ileile ya siku kwa sababu mtu hupungua kidogo kuelekea jioni, na tofauti ya vipimo viwili isisomwe kabla ya miezi sita kupita. Kipimo cha mwezi kwa mwezi kinawapa wazazi furaha na hofu zisizo na msingi.

Kinachokuja mbele yake, na ambacho hukukiuliza, ni balehe. Mtoto aliyepoteza homoni tatu au nne za pituitari ana uwezekano mkubwa wa kukosa pia zile zinazoamsha korodani. Hapo kuna hali ya ajabu kidogo. Balehe inaleta kuruka kwa urefu, lakini pia ndiyo inayofunga gegedu za ukuaji, na kinachozifunga ni estrojeni, hata kwa wanaume, ambao hugeuza sehemu ya testosteroni yao kuwa estrojeni. Tulilijua hili kwa uhakika mwaka 1994, alipoelezwa mwanamume wa miaka 28 ambaye vipokezi vyake vya estrojeni havikufanya kazi: alikuwa na sentimita 204, mifupa yake ilikuwa bado kama ya kijana wa miaka 15, na alikuwa angali anarefuka. Kwa hiyo kijana asiye na homoni ya ukuaji wala balehe anaweza kukua polepole kwa miaka mingi zaidi ya wenzake na kufika mbali kuliko ulivyodhani. Wamewahi kuelezwa watu wazima wa urefu wa kawaida waliofika hapo kwa njia hiyo. Si tiba tunayoichagua, lakini inaathiri ratiba: testosteroni ikianzishwa kwa dozi kubwa haraka, mlango wa urefu unafungwa mapema. Huanzishwa kidogo na kupandishwa taratibu.

Kinyume chake pia hutokea, na kinadanganya zaidi. Hukuniambia kama mwanao alipigwa mionzi. Mionzi ya kichwa, na wakati mwingine uvimbe wenyewe, huweza kuiamsha balehe kabla ya wakati. Mtoto anaonekana anakua vizuri sana, wazazi wanafurahi, kumbe huo ni urefu wa mkopo: mifupa inazeeka haraka kuliko miaka, na deni linalipwa akiwa na miaka 13, anapositisha kukua wenzake wakiendelea. Kwa mvulana, korodani kufikia mililita 4 kabla ya kutimiza miaka 9 ni balehe ya mapema. Daktari huzipima kwa shanga za ukubwa tofauti, haiumi, na inatoa jibu zito kuliko vipimo vingi vya damu. Mwombeni pia picha ya eksirei ya kiganja cha mkono wa kushoto ili kusoma umri wa mifupa. Umri wa mifupa ukiwa sawa na miaka yake au nyuma, urefu anaoupata ni wake. Ukiwa umemtangulia kwa miaka miwili au mitatu, tuna kazi.

Kuhusu sindano. Kwa mtoto anayekua sentimita 6 kwa mwaka bila kusaidiwa, sioni haraka ya kuanza kwa ajili ya urefu peke yake. Wapo wenzangu wanaoanza hata hivyo, na hoja yao nina heshima nayo: homoni ya ukuaji hairefushi tu, inapunguza mafuta, inajenga misuli na kuimarisha mifupa, na mtoto anayekua kwa nguvu ya insulini anakosa hayo yote. Mwili wake unaongezeka kwa uwiano mbaya. Msimamo wangu kwa mwanao ni huu: picha za MRI zikionyesha hakuna uvimbe unaokua, atazamwe kila miezi sita, na kasi ikishuka chini ya sentimita 5, au mafuta yakizidi kupanda huku misuli ikidhoofika, aanze. Usitarajie sindano zimpunguzie uzito kwa kiasi cha kuonekana. Zinabadilisha uwiano wa mwili kidogo. Haipothalamasi iliyojeruhiwa haiponi kwazo.

Huenda umesikia kwamba homoni hii huamsha uvimbe. Hofu hiyo ina mantiki, lakini ufuatiliaji wa watoto wengi waliowahi kuwa na kraniofaringioma haukuonyesha kwamba wanaotumia homoni hurudiwa na uvimbe kuliko wasiotumia. Madaktari wengi husubiri kama mwaka mmoja picha zikiwa tulivu kabla ya kuanza, na ninyi mmeshaupita. Huenda pia umesikia habari ya ugonjwa mbaya wa ubongo. Hiyo ni kweli ya zamani. Tangu kijana wa kwanza aliyetibiwa, ambaye daktari Maurice Raben alimweleza mwaka 1958, homoni ilikuwa ikikamuliwa kutoka kwenye pituitari za maiti, na baadhi ya waliopewa waliambukizwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob. Mwaka 1985 homoni ya aina hiyo ilisitishwa katika nchi nyingi, na ya leo hutengenezwa maabara kwa bakteria au seli nyingine zilizowekewa jeni ya binadamu, haitoki kwa mtu yeyote.

Siku mkianza, jambo moja husahaulika hata na madaktari: homoni ya ukuaji hupunguza kiasi cha kotisoli kinachobaki kikifanya kazi mwilini na inaweza kushusha thairoksini pia. Dozi za dawa anazotumia sasa zinaweza kuhitaji kupanda, kwa hiyo damu ipimwe wiki chache baada ya kuanza. Maumivu makali ya kichwa yanayoambatana na kutapika, au kuchechemea na maumivu ya nyonga au goti, yasisubiri miadi. La nyonga nalitilia mkazo kwa mtoto mzito kama wake, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza pale kwenye gegedu la ukuaji, na maumivu mara nyingi husikika kwenye goti huku goti likiwa zima.

Ukiniuliza kinachonisumbua zaidi katika barua yako, si urefu. Ni zile kilo 17. Apimwe sukari ya kufunga na ya wastani wa miezi mitatu, mafuta ya damu, ini na shinikizo. Msikilizeni akilala: akikoroma na kukatika pumzi, hilo litibiwe, kwani watoto hawa hupata shida hiyo mapema. Kumfokea kuhusu chakula hakusaidii; kinachosaidia kidogo ni nyumba nzima kula kwa ratiba moja na chakula kutokuwa kinaonekana muda wote. Metfomini, dawa ya kisukari, hutumiwa kwa baadhi yao, na dawa za kundi la GLP-1, zinazopunguza hamu ya kula, zinajaribiwa kwa unene wa aina hii, matokeo yakitofautiana sana kati ya mtoto na mtoto. Maji nayo yafuate kipimo mlichopewa, kwa sababu ile dawa ya kuzuia mkojo ikichanganyika na maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi ya damu hadi kuleta degedege.

Mdogo wake hahitaji kipimo chochote cha homoni kwa sababu ya kaka yake. Kraniofaringioma ya watoto mara nyingi hutokana na badiliko la jeni iitwayo CTNNB1 lililotokea ndani ya seli za uvimbe wenyewe. Halitoki kwenu wazazi na kwa kawaida hairithiwi. Mpimeni urefu na uzito kama mtoto mwingine yeyote, na akiwa anaongeza sentimita 6 au 7 kwa mwaka katika umri huo wa miaka 4, mwacheni acheze.